Maumivu ya mgongo sasa yamesambaa mwili mzima: nani ameitumia hii dawa mpya, suzetrijini?

Mvumilivu1
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, na nitashukuru mkinijibu kwa uzito maana hali yangu si nzuri.

Nina maumivu ya mgongo wa chini yanayoshuka kwenye tako hadi kisigino cha kushoto. Ni ya miaka sasa. MRI ilionyesha diski imetokeza na kugusa mshipa wa fahamu. Nimefanya mazoezi ya viungo, nimechomwa sindano ya steroidi mgongoni, nafuu ikaja ikaondoka. Nilishazoea kuishi nayo, ila wiki hii mambo yamegeuka: mwili mzima unauma hadi mifupa, jasho usiku, tumbo limevurugika, miguu haitulii kitandani, usingizi hakuna. Nahisi ugonjwa umeingia kwenye neva zote.

Nimesoma kwamba Januari 2025 Marekani iliidhinisha dawa mpya ya maumivu, suzetrijini, jina la biashara Journavx. Haimo kwenye jamii ya afyuni na haileti uteja. Swali langu ni moja tu: kuna aliyeitumia? Inachukua muda gani kufanya kazi?

Natanguliza shukrani.

Kipanga
Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa, nasubiri wajuzi.

Mzee wa Hoja
Vijana mnakaa kwenye viti kutwa kucha halafu mnashangaa mgongo. Mwili umeumbwa kutembea. Anza taratibu kila asubuhi, punguza uzito, acha kutafuta kidonge cha kila kitu.

Mvumilivu1
Mzee wangu shikamoo. Nimesema mazoezi nimefanya.

MamaTumaini
Pole mwanangu. Mama yangu alipata mkanda wa jeshi. Vipele vilipona, maumivu yakabaki, hata nguo ikigusa ngozi analia. Daktari akampa amitriptilini kidogo usiku. Jirani akamwambia hiyo ni dawa ya wenye sonona, mama akaitupa! Tuliirudia baada ya daktari kutueleza kwamba kwa dozi ndogo inatuliza neva zilizojeruhiwa, na kwamba parasetamoli isingemfikisha popote kwa maumivu ya aina ile. Akaanza kulala. Kwa hiyo usiikatae dawa kwa jina lake. Na wenye miaka 50 kwenda juu, ulizeni kuhusu chanjo ya mkanda wa jeshi.

Nesi wa Zamu
Mleta mada, pole. Nianze na dawa uliyoiuliza, kisha na mimi nina maswali.

Suzetrijini huziba njia za sodiamu ziitwazo Nav1.8 kwenye neva za pembeni, ujumbe wa maumivu usipande kwenda uti wa mgongo na ubongo. Ni hatua kubwa kweli. Lakini imeidhinishwa kwa maumivu makali ya muda mfupi. Majaribio yake makuu yalikuwa kwa watu waliotoka kupasuliwa mguu au tumbo, na usalama wake kwa maumivu hayo haukupimwa zaidi ya siku 14. Jaribio la watu wenye tatizo kama lako, maumivu ya neva yanayoshuka mguuni, matokeo yake yalitangazwa Desemba 2024: kwenye mizani ya 0 hadi 10, waliomeza dawa walishuka pointi 2 hivi, na waliomeza kidonge bandia, kisicho na dawa ndani, nao pointi 2 hivi.

Sasa maswali. Sehemu unayokalia ina ganzi? Mkojo unatoka vizuri? Choo unakizuia? Miguu yote miwili ina nguvu? Kama lipo lolote hapo, funga simu uende hospitali sasa hivi. Na je, unatumia dawa gani, na ipi umeiacha karibuni?

Mvumilivu1
Ganzi hakuna, mkojo na nguvu kawaida. Dawa ni hizi za kawaida tu za maumivu. Tusitoke kwenye mada dada yangu, hilo jaribio moja halitoshi, kila mwili na dawa yake.

Nesi wa Zamu
Za kawaida ndiyo zipi? Diski haileti jasho, haivurugi tumbo, haifanyi miguu ikose utulivu. Taja majina.

Kipanga
Mkuu mjibu tu, hapa hakuna anayekujua.

Mvumilivu1
Sawa. Tramadoli. Nilianza kwa dozi ya daktari, ilipozoeleka nikaongeza mwenyewe, kwa muda mrefu sasa. Usiku pregabalini, dawa ya maumivu ya neva, ya daktari mwingine. Wa kwanza hajui habari za wa pili. Tramadoli nimeiacha yote kwa mkupuo wiki hii kwa sababu dawa mpya nimeshaiagiza kwa muuzaji wa mtandaoni na nimeshalipia. Nataka ikute mwili msafi. Sioni kosa hapo, si mnasema wenyewe tramadoli ni mbaya?

Mzee wa Hoja
Kijana, hiyo ni arosto, mwili unaidai dawa uliyoikata. Mpwa wangu nilimwona hivyo hivyo, anapiga miayo, jasho, vinyweleo vimesimama.

Jicho la Tatu
Wakuu ngojeni kidogo. Akaunti mpya, anataja dawa hadi jina la biashara na mwezi wa kuidhinishwa, sasa tunaambiwa kuna muuzaji wa mtandaoni. Hii ni chai. Uzi huu ni tangazo, kesho mtawekewa namba ya simu.

Kipanga
Duh, hata mimi nimeanza kuona. Mtu asiyelala usiku anaandika kwa mpangilio hivi?

MamaTumaini
Asiyelala ndiye mwenye muda wa kuandika, nyie! Mama yangu alikuwa anapanga kabati saa tisa usiku.

Jicho la Tatu
Basi amtaje muuzaji.

Mvumilivu1
Simtaji, msije mkasema natangaza. Nimekuja hapa kwa sababu kwingine naona aibu, mnaniita mwongo. Ufungeni uzi.

Nesi wa Zamu
Usiufunge. Jicho la Tatu, awe wa kweli au wa kutunga, kuna anayesoma hapa kimya ambaye ana vidonge hivyo hivyo mkononi. Namjibu huyo pia.

Tramadoli inafanya kazi mbili: inashika vipokezi vya afyuni, na inapandisha serotonini na noradrenalini, kemikali za kupitisha ujumbe kwenye neva. Ukiikata ghafla unapata arosto ya pande zote mbili. Maumivu yanasambaa kwa sababu mfumo wa neva uliokuwa umezimwa sauti kwa muda mrefu unaamka ukiwa mwepesi kushtuka. Ugonjwa wako wa mgongo haujapanda popote.

Usirudi mwenyewe kwenye ile dozi uliyoiongeza. Uvumilivu wa mwili hushuka haraka, na ukiichanganya na pregabalini pumzi inaweza kuzidiwa. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo Desemba 2019 kuhusu mchanganyiko wa aina hiyo. Pregabalini nayo usiikate kwa hasira, kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege. Mtu mmoja aone orodha yote, akupangie kushuka ngazi kwa ngazi. Na kifurushi kikija usikifungue, hujui kilichomo.

Mvumilivu1
Nikisema yote, si ataandika kwenye faili kwamba mimi ni teja? Kazini kwetu faili linasomwa.

Nesi wa Zamu
Mwili kuizoea dawa ni jambo moja, uteja ni jingine. Aliyeandikiwa na daktari akaizoea, kitaalamu haitwi teja kwa sababu hiyo pekee. Kuongeza dozi bila kusema ni jambo la kuzungumza, na wanaotibu maumivu wamelisikia mara nyingi. Mwambie hivi: "Nilikuwa nameza kiasi hiki, nimeacha siku fulani, naomba mpango wa kupunguza." Maneno hayo yanatosha kuanzia.

Na usiisujudie ile MRI. Uchambuzi wa mwaka 2015 wa picha za watu wasio na maumivu kabisa ulikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Yako inagusa neva, hilo ni kweli, ila bado una njia zaidi ya kidonge.

Mzee wa Hoja
Kutembea.

Nesi wa Zamu
Ndiyo mzee, kutembea kumo. Arosto ikiisha.

Mvumilivu1
Nimeweka miadi kesho asubuhi, kwa yule daktari wa kwanza. Nitapeleka pakiti zote mbili. Dawa mpya bado naitaka, nitamuuliza yeye.

Jicho la Tatu
Sawa mkuu. Kama ni kweli, nisamehe, na uende kweli.

Msomaji Kimya
Samahani wadau, mimi nameza diklofenaki kila siku kwa ajili ya goti, siku hizi tumbo linachoma sana. Nifungue uzi wangu au niulize hapa hapa?

Nesi wa Zamu
Uliza hapa hapa. Choo chako kina rangi gani, kimekuwa cheusi kama lami?