Membreni ya hewa au ya bila hewa kwa majitaka ya mji?

Kusini_Leo: Wakuu, tupo Mtwara, tunataka mtambo wa kuchuja majitaka kwa membreni, yaani utando wenye vitundu vidogo sana. Muuzaji mmoja ana wa kupuliziwa hewa, mwingine ana tangi lililofungwa lisiloingia hewa, anasema tutavuna gesi. Tuchukue upi?

Fundi_Bomba: Majitaka kiasi gani kwa siku? Ya mabomba au ya magari ya kunyonya? Mafuta ya jikoni yanaingia? Bila hayo tunapiga ramli.

Kusini_Leo: Mita za ujazo 200, mabomba. La mafuta nitauliza.

Binti_Mikindani: Bila hewa! Vijidudu vinavyotengeneza methane, gesi inayowaka, vinapenda joto, na joto la pwani tunalo bure. Nitrojeni na fosforasi zinabaki kwenye maji, mkulima anamwagilia na kurutubisha kwa mpigo mmoja.

Mpiga_Hesabu: Polepole dada. Uchafu hupimwa kwa COD, yaani oksijeni inayohitajika kuuoksidisha. Kilo moja ya COD inatoa kwa upeo kama mita za ujazo 0.35 za methane. Majitaka yakiwa na gramu 500 za COD kwa kila mita ya ujazo, hizo mita 200 zinampa kama mita za ujazo 35 za methane kwa siku, tena kwenye karatasi. Nyingine inaondoka imeyeyuka ndani ya maji yaliyochujwa.

Fundi_Bomba: Niliitwa hoteli moja yenye mtambo wa hewa. Jiko halikuwa na kinasa mafuta. Utando ukaziba, shinikizo likapanda, mpishi akawa analalamikiwa harufu isiyomhusu. Tukaosha kwa klorini, kisha asidi ya sitriki. Ukapona wiki chache, ukaziba tena. Umeme ukikatika, vipulizia vinalala na tope linajishikiza kwenye utando. Vipuri vya nje, mwenyewe akachoka, akarudi kuita gari la kunyonya.

Binti_Mikindani: Hiyo ni ya hewa. Ya bila hewa inausugua utando kwa mapovu ya gesi yake yenyewe.

Fundi_Bomba: Gesi hiyo inasukumwa kwa pampu, dada. Nayo inakula umeme.

Mzee_Chikongola: Mabwawa tu, wanangu. Jua linafanya kazi, hakuna cha kuziba.

Kusini_Leo: Mzee, eneo ni dogo na nyumba zimetuzunguka.

Mzee_Chikongola: Basi gesi yenyewe ya nini? Gesi asilia ya Mnazi Bay, hapa hapa Mtwara, iligunduliwa 1982, mimi bado napikia mkaa.

Mpiga_Hesabu: Shikamoo mzee. Ile inawasha mitambo ya umeme, si haba.

Mzee_Chikongola: Marahaba. Umeme upi, huu uliokatika jana magharibi?

Binti_Mikindani: Kwetu haukukatika.

Mzee_Chikongola: Mnakaa laini ya wakubwa.