Je, "kwekwe" ni tusi? Naomba ushauri kuhusu tangazo la kikundi cha wakulima

Katibu, Njoro:

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mahindi na viazi huku Njoro. Wanachama wetu ni Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii na Waluhya, na tangu mwanzo tumeendesha mambo yetu kwa Kiswahili ili pasiwe na mtu wa kuachwa nje. Wiki iliyopita nilituma tangazo hili kwenye kundi letu la WhatsApp: "Jumamosi tukutane saa mbili asubuhi kung'oa kwekwe. Mwaka huu tuhakikishe haibaki hata moja." Kabla ya adhuhuri mwanachama mmoja alijibu, "Tumekuelewa vizuri sana," akajiondoa kundini, na jioni wenzake wawili wakamfuata. Mwenyekiti anataka niombe radhi. Naona vigumu kuombea radhi neno ambalo nimelitumia tangu nilipoanza kushika jembe, hasa kwa kuwa shamba lipo na magugu yapo, na yeyote anaweza kuja kuyaona. Kosa liko wapi? Na je, ni haki msikilizaji ndiye aamue mimi nilikusudia nini?

Mwalimu wa Kiswahili, Kisumu:

Ndugu Katibu, kamusi itakupa maana ya neno, lakini haitakuambia ni nani anayelitamka, anamwambia nani, mbele ya nani, wala ni jambo gani limetokea kabla yake. Chukua "Jaluo". Huku kwetu mtu hujitaja hivyo kwa fahari katika Dholuo, na hakuna anayeshtuka. Neno lilo hilo likitoka kinywani mwa kondakta wa jiji lingine anayesukuma abiria, tena likiwa na "wewe" mbele yake, kila Mluo aliye ndani ya matatu anajua kwamba ametukanwa, ingawa hakuna herufi hata moja iliyobadilika. Ukivuka kwenda Bungoma, mwite "kijana" mwanamume aliyekwisha kutahiriwa na ana watoto, halafu uone atakavyokutazama, kwa sababu huko neno hilo linaweza kusikika kama swali kuhusu utu uzima wake.

Sasa nirudi kwenye tangazo lako. Mimi sina neno na "kwekwe". Ninalolitilia shaka ni sentensi ya pili. Mkulima yeyote anajua kwamba kwekwe haziishi. Unazing'oa leo, mvua inanyesha, nazo zinarudi. Kwa hiyo msomaji aliye na wasiwasi atajiuliza kwa nini mtu wa shamba aahidi kwamba mwaka huu, na hasa mwaka huu, haitabaki hata moja. Hapo ndipo maana ya pili, ya kuwang'oa watu wa kabila jingine, ilipopata mlango.

Mkaazi wa Molo:

Mwalimu amefafanua vyema, ila mimi nitasema kama mtu aliyeishi huku.

Katika sehemu hizi za Bonde la Ufa tulizoea kusema "ng'ombe wa madoadoa" bila kumwogopa mtu, na mpaka leo sokoni tunasema. Lakini tangu ghasia za 1992, neno "madoadoa" likitamkwa jukwaani wakati wa siasa, huwa halimhusu ng'ombe. Linamhusu jirani wa kabila jingine, ambaye kuwapo kwake kunahesabiwa kuwa uchafu juu ya nguo safi. "Wageni" nalo ni vivyo hivyo. Harusini ni neno la heshima, lakini ukiitwa mgeni katika kijiji ulikozaliwa, mahali ambapo baba yako amezikwa, unajua unaambiwa nini.

Nakumbuka mwaka 2007, tukiwa kwenye foleni ya maziwa, kijana mmoja alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mwaka huo watu wangesafisha shamba. Wengi walicheka. Sisi wachache hatukucheka, wala hatukuwa na la kumshtaki, kwa maana kusafisha shamba ni kazi ya kila siku. Uchaguzi ulipofanyika Desemba na matokeo yakazua vurugu, baadhi ya waliokuwa kwenye foleni ile walilala kwenye mahema. Katibu, unauliza kama ni haki msikilizaji aamue ulichokusudia. Hakuna anayeamua hilo. Mwenzako aliyejiondoa alikuwa anaamua kama familia yake ilale nyumbani.

Wakili, Nakuru:

Nitaongeza upande wa sheria, maana hofu ya watu wengi ni kwamba neno lenyewe limepigwa marufuku. Aprili 2022, kabla ya uchaguzi wa Agosti, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya kuchochea chuki, na "kwekwe", "madoadoa" na "mende" yalikuwamo. Miezi michache kabla ya hapo, Januari, seneta mmoja alikuwa amekamatwa kwa kutumia "madoadoa" katika mkutano wa kisiasa mjini Eldoret. Hata hivyo, orodha si sheria. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinahitaji kwanza maneno yawe ya vitisho, ya matusi au ya kudhalilisha, kisha aliyeyatoa awe alikusudia kuchochea chuki ya kikabila, au chuki hiyo iwe na uwezekano wa kuchochewa, kwa kuzingatia hali zote zilizokuwapo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Mnaona kwamba sheria yenyewe inaitazama hali. Mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha iliamua vivyo hivyo mwaka 1998 katika kesi ya Akayesu, meya aliyeshtakiwa kwa mauaji ya kimbari ya 1994, kwamba uchochezi upimwe kwa kuzingatia utamaduni na lugha ya wale waliousikia. Nchini Rwanda "inyenzi", yaani mende, lilitumiwa dhidi ya Watutsi, na hata "gukora", kufanya kazi, lilitumiwa kumaanisha kuua.

Binafsi siiamini sana orodha. Neno likishaandikwa humo, mwenye nia mbaya huokota jingine kesho yake, na anayebaki akiogopa ni mkulima. Tangazo lako halikaribii kosa la jinai, lakini kutokuwa na kesi mahakamani hakutawarudisha wanachama watatu.

Katibu, Njoro:

Nashukuru. Bado jambo moja linanikera: ina maana tuwaachie wanasiasa maneno ya shamba, nasi tubaki kunong'ona?

Afisa wa kilimo, Kakamega:

Hapana, Katibu, msiyaache. Mkiwa shambani na majembe mikononi, semeni kwekwe mpaka mchoke, kwa maana kila mmoja anaona kinachong'olewa. Ujumbe wa simu hauna shamba pembeni yake, na unaweza kutumwa mbele kwa mtu asiyewajua. Hapo ni afadhali uitaje kazi kwa jina la zao: "Jumamosi saa mbili asubuhi ni palizi ya kwanza ya mahindi, shamba la mtoni, kila mtu aje na jembe lake." Neno "palizi" linatosha, na pia linamweleza mtu kazi yenyewe kuliko tangazo la awali.

Kuhusu wale watatu, msiandike radhi kundini, kwa sababu hawamo tena kuisoma. Nenda mwenyewe kwao, mchana, mkiwa na mwenyekiti, na mwende kabla ya Jumamosi, kwa maana palizi ikishafanyika bila wao itakuwa vigumu kuwaeleza kwamba mlikuwa mnawasubiri.