Mume wangu anaambiwa akirudi kwenye mashine ya kusafisha damu amekana imani

mwl_wa_Magu
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Magu. Mume wangu figo zilifeli kwa presha iliyokaa mwilini miaka bila sisi kujua. Sasa anasafisha damu Mwanza kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na kila mara anakaa kwenye mashine muda wa saa nne. Tunatoka nyumbani giza halijaisha ili awahi zamu ya kwanza. Matibabu bima yangu inabeba, namshukuru Mungu. Nauli na uchovu ni vyetu.

Kilichonileta ni hiki. Kulikuwa na mkutano wa injili, mhubiri akamwekea mikono, akamtangazia kwamba amepona na kwamba akirudi kwenye mashine atakuwa ameukana uponyaji. Mume wangu ni mzee wa kanisa, mtu wa maombi. Tangu siku ile kila zamu ikikaribia ananiuliza, "Mama Neema, mimi ni mtu wa imani au mtu wa mashine?" Jumanne iliyopita aligoma kupanda hiace. Nilimbembeleza kituoni mpaka ikaondoka. Usiku uso ukavimba, pumzi ikambana, shemeji akakodi gari tukamkimbiza Mwanza.

Na mimi sala zimekauka. Napiga magoti, nasema "Bwana", basi, hakuna kingine kinachotoka. Mliopita njia hii, mlishikilia nini? Msiniambie tu yote yatakuwa sawa.

cherehani_Mbeya
Pole sana dada yangu, na mpe pole shemeji. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na figo zangu zilikufa siku nyingi. Mkono wa kushoto ndio wenye mshipa wa mashine, kwa hiyo siubebeshi ndoo wala sikubali upimwe presha. Nimejifunza kusukuma kitambaa kwa mkono mmoja.

Swali la shemeji nalijua, maana niliulizwa na watu wa kwaya yetu, tena kwa upendo. Nilichowajibu nakuambia na wewe: someni habari za Trofimo. Paulo ni yule ambaye leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, imo Matendo 19. Lakini mwishoni mwa maisha yake anamwandikia Timotheo, "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Hakusema Trofimo hakuamini, hakusema ana dhambi ya siri. Alikuwa mgonjwa, akaachwa mgonjwa, na bado ni mwenzake Paulo katika kazi ya Bwana. Mimi mstari huo mfupi umenibeba kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Ndani yake nimepata nafasi yangu kanisani.

Kuna jambo ambalo watu wa nje hawalioni. Sisi tunaosafisha zamu moja tunajuana kama ndugu. Tunajua nani anashikwa na misuli ya miguu, nani anashuka presha kabla ya kumaliza, nani alikunywa maji mengi wikiendi. Halafu asubuhi moja unakuta kitanda cha jirani yako kina mtu mgeni, na manesi hawakutazami usoni. Pale ndipo nilipoacha kumwomba Mungu figo tu. Warumi 8 inasema tunatazamia "ukombozi wa mwili wetu". Mwili huuhuu, dada, wenye kovu shingoni na mshipa unaovuma mkononi. Kristo alifufuka na alama za misumari. Tumaini langu liko huko, na kwa sababu liko huko naweza kwenda kulala chini ya mashine bila kuona nimemsaliti Mungu. Nikipona figo nitaimba. Nisipopona, sijapoteza nilichoahidiwa.

Na hiyo sala yako ya neno moja usiidharau. Sura hiyohiyo, mstari wa 26, inasema hatujui kuomba itupasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Sema "Bwana", nyamaza. Yeye anaendelea.

mwinjilisti_mstaafu
Binti yangu, pole kwa safari. Mwambie mzee mwenzangu afungue 2 Wafalme 20. Hezekia aliugua karibu kufa, Bwana akamwahidi kwa kinywa cha Isaya kwamba atamponya na kumwongezea miaka 15. Baada ya ahadi hiyo, Isaya yuleyule akaagiza uletwe mkate wa tini, ukawekwa juu ya jipu. Neno la Mungu lilikuwa limeshatoka, na dawa ikapakwa. Aliyemwambia dawa ni kukana imani atuonyeshe andiko.

Yakobo 5 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta. Yeye amezoea kuwaombea wengine. Sasa na akubali kuombewa. Na akiwa na hasira na Mungu, asiifiche, asome Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, na bado ni sala.

nesi_wa_zamu
Mwalimu, nafanya kazi kwenye kitengo cha figo, niseme ya kwangu. Akikosa zamu, maji yanapanda mpaka kwenye mapafu, ndiyo ile pumzi ya usiku. Potasiamu nayo, madini yanayotoka kwenye chakula, inapanda, na inaweza kusimamisha moyo bila dalili ya kutosha. Ndizi, madafu, maharage na viazi awe navyo mwangalifu sana. Mboga za majani chemsha, mwaga maji, ndipo uunge. Mgonjwa anayetaka kuacha mwambieni daktari, huzuni kali inatibika. Ulizeni pia habari za kupandikiza figo. Muhimbili walianza 2017, Benjamin Mkapa Dodoma mwaka uliofuata.

mwl_wa_Magu
Asanteni sana, Mungu awakumbuke. Nilimsomea habari za Hezekia jana jioni, akaniambia rudia. Leo mchungaji wetu amekuja na wazee, wamempaka mafuta, na mchungaji amesema mbele yetu wote kwamba Alhamisi atampeleka mwenyewe. Mume wangu amekubali. Bado ana hasira, na mbele ya wazee amesema hivyo kwa sauti. Fundi, anauliza kama unaweza kumwombea kwa jina la Baba Neema ukiwa kwenye zamu yako.

Nesi, samahani, na dagaa je? Huku ndiyo mboga yetu.

nesi_wa_zamu
Dagaa wanaliwa na mifupa yao, wana fosforasi nyingi, madini mengine ambayo figo zilizofeli hazitoi vizuri. Wasiwe wa kila siku. Kiasi chake mtaalamu wa lishe atawapangia, mwoneni Alhamisi kabla hajaunganishwa.

cherehani_Mbeya
Baba Neema nimemwandika. Zamu yangu pia ni Alhamisi asubuhi.