Mikataba ya stima Kenya: tuivunje, ama tubadilishe inayokuja?

Wadau, kila bili ya stima ikipanda lazima mtu aseme mikataba ya makampuni binafsi yanayouzia Kenya Power umeme ivunjwe yote, na wa kwanza kutajwa ni ule mradi wa upepo wa Loiyangalani kule Marsabit. Hasira naielewa kabisa, ila kuvunja napinga.

Tuchukue huohuo wa upepo. Mitambo 365, megawati 310, mkataba wa miaka 20 na malipo kwa yuro. Mitambo ilikuwa tayari 2017 lakini laini ya kuleta umeme hadi kituo cha Suswa kule Narok, zaidi ya kilomita 400, haikuwa imeisha, hiyo ilikuwa kazi ya serikali na kontrakta wa Uhispania akafilisika katikati, Wachina ndio wakaja kumalizia 2018. Na mkataba ulisema mitambo ikiwa tayari lazima tulipe, waya uwepo usiwepo, kwa hivyo tukatozwa mabilioni kwa stima ambayo haikuwasha hata balbu moja. Laini ilipofika shida nyingine ikaingia: upepo kule unavuma sana usiku, saa watu wamelala, na kwa vile lazima ulipiwe, mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambao ungezalisha stima, ndio unaachiliwa hewani. Mvuke wa KenGen, kampuni ambayo serikali ndiyo ina hisa nyingi! Hii inaniuma kuliko yote.

Sasa hapo upepo umekosa nini? Hasara zote alibebeshwa mteja. Laini ikichelewa analipa yeye, yuro ikipanda analipa yeye (angalia ile forex kwa tokeni zako, makato ya fedha za kigeni), stima isiponunuliwa bado ni yeye. Mwekezaji na benki yake hawaguswi.

Na kubishana na mikataba iliyosainiwa tushajaribu. Jopo la Rais Uhuru la 2021 la kukagua mikataba hii, lililoongozwa na John Ngumi, lilitoa mapendekezo ya kushusha bei, Januari 2022 bei ikashuka asilimia 15, ile asilimia 15 ya pili iliyoahidiwa, iliyongoja wazalishaji wakubali kupunguza, haikuja mpaka leo. Halafu mikataba mipya ikasimamishwa miaka mingi huku matumizi ya jioni yakipanda mpaka kupita megawati 2,300, na tangu 2022 tunanunua 200 kutoka Ethiopia. Yaani usiku wa manane tunamwaga, saa mbili jioni hatutoshi.

Kwa hivyo kazi iko kwa mikataba inayokuja. Mnada wa wazi, anayetaja bei ya chini ndiye anapewa. Afrika Kusini walianza 2011 na raundi nne tu bei ya sola ikaanguka chini ya theluthi moja ya ile ya mwanzo, na wanalipa kwa randi yao. Sisi sera ya mnada tunayo tangu 2021, imekaa kwa karatasi. Pia mtu asisaini kitu laini haijajengwa, na mradi wa upepo ama sola uje na betri za kuhifadhi umeme wa kutumia jioni. Malipo yawe kwa shilingi, najua riba za hapa zitapandisha bei kidogo mwanzoni, lakini pesa za pensheni zetu ziko, ziwekezwe huko.

Wale mnasema tuvunje, niambieni fidia ya kuvunja mkataba italipwa na nani, na hizo megawati 310 zikizimwa jioni mtaweka nini mahali pake?