Wakuu, mtaalamu wa sumukuvu nampataje kabla ya Ijumaa?

Mwana_Kongwa: Habari za mchana wakuu. Niko redio ya jamii huku Dodoma, mwaka wa pili kazini. Nina stori ya wakulima ambao mnunuzi aliyakataa mahindi yao sokoni Kibaigwa akisema yana sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu (ukungu). Sauti za wakulima ninazo, ya dalali ninayo. Mhariri amegoma kurusha bila mtaalamu. Nimepiga simu taasisi moja ya umma siku tatu: mara bosi yuko kikaoni, mara niandike barua, barua nimepeleka, sasa naambiwa msemaji yuko safarini. Mnafanyaje wenzangu?

Bibi Mhariri: Pole mwanangu. Ofisi ya umma mtumishi haongei bila ruhusa ya mkuu wake, usimchukie. Na ukisema uombe rasmi kwa Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016, wana hadi siku 30 za kukujibu. Kipindi kitakuwa kimeota ukungu kuliko hayo mahindi. Nenda kwa wahadhiri. Chuo cha kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro na chuo cha Nelson Mandela Arusha wapo waliotafiti sumukuvu miaka mingi. Tafuta utafiti wenyewe mtandaoni, barua pepe ya mwandishi huwa ukurasa wa kwanza. Mwandikie yeye, nakala kwa afisa uhusiano wa chuo.

kalamu_butu: Au mchukue yule mchambuzi wa kila kitu, leo mpira, kesho bajeti. Simu yake haizimwi 😂

Mwana_Kongwa: @kalamu_butu mhariri ataninyonga. @Bibi Mhariri nimeandikia wawili tangu jana, kimya.

Bibi Mhariri: Uliandikaje?

Mwana_Kongwa: "Naomba maoni yako kuhusu sumukuvu nchini."

Mtafiti wa Nafaka: Ndiyo maana. Mimi niko upande wa pili, hizo napokea nyingi na huziacha. Maoni gani? Nianze na kuvu, na vifo vya 2016 Dodoma na Manyara, au Kenya ilipozuia mahindi yetu Machi 2021? Niulize kitu kimoja: je, mnunuzi anaweza kuijua sumukuvu kwa macho? Hapo nakujibu nikiwa kwenye daladala: hawezi. Punje inaweza kung'aa na sumu imo, nyingine ina ukungu na haina. Kinachosema ni kipimo, na kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Sasa muulize huyo mnunuzi alipima na nini.

Na uniambie mapema: dakika ngapi, unarekodi au hurekodi, inarushwa lini. Kuna mwenzenu aliwahi kukata sauti yangu ikabaki "mahindi ni sumu". Mama mkwe alinipigia akilia.

Dada wa Mezani: Naongeza: muulize mtaalamu kama kuna kampuni ya dawa au mashine inayomlipa, kisha uwaambie wasikilizaji. Akitaka "posho ya usumbufu" ili aongee, mshukuru uondoke.

kalamu_butu: Nasikia Wazungu wana mtandao, unatupia swali wataalamu wanakuja wenyewe.

Dada wa Mezani: HARO, aliuanzisha Peter Shankman 2008. Niliwahi kuutumia. Miaka ya mwisho majibu mengi yalikuwa ya wauza bidhaa na ya akili mnemba, ukaja kufungwa Desemba 2024, baadaye wengine wakaununua na kuufufua. Kwa mahindi ya Kibaigwa usingekusaidia. Afisa ugani wa kata umemtafuta?

Mwana_Kongwa: Simwamini, ni shemeji wa dalali.

Dada wa Mezani: 😂😂 Basi huyo ni stori nyingine.

Mwana_Kongwa: MREJESHO: Nimeandika upya, swali moja, dakika kumi. Mhadhiri mmoja kajibu ndani ya saa mbili, tunaongea kesho saa nne asubuhi. Mnunuzi nimempigia pia. Anasema alipima "kwa uzoefu".

Mtafiti wa Nafaka: Hiyo irushe kama ilivyo, usiikate.