Michango ya mahabusu si mtaji wa kununulia bitcoin!

Wakuu, nimekasirika na sifichi. Kikundi chetu cha mtaani tunachangishana kila mwezi na kupeleka mahitaji gereza la Segerea: sabuni za mche, taulo za kike, dawa za meno, nepi za watoto wachanga waliomo ndani na mama zao. Hatuna mfadhili. Mwenye buku anatoa buku, mama ntilie anatoa alichobakiza jioni.

Sasa kuna mzee mmoja mstaafu kutoka Ulaya anaishi Kigamboni. Alianza kwa kuchangia kama sisi, tukamshukuru. Leo kageuka msemaji wa mfuko! Anamshawishi mhazini aache "kupoteza" hela kwenye sabuni, nusu ya akiba inunue bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, na ikae miaka mitano, eti ndipo tutasaidia watu wengi. Na mhazini anatikisa kichwa kukubali! Ningesema mimi hayo, kikao kingenizomea.

Mwanamke aliyeingia hedhi leo asubiri miaka mitano? Ule mche tunaoupeleka ukifika getini hukatwa kwanza, askari waone kama kuna kitu kimefichwa ndani. Wakishagawana huko, mtu anabaki na kipande cha kuenea kiganjani. Hicho ndicho mzee anachotaka kukipunguza.

Yeye pensheni yake inaingia kila mwezi kwa euro, bei ipande ishuke atakula. Novemba 2021 bitcoin moja ilipita dola 68,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 17,000. Tungeingia ile Novemba 2021, tungewaambia nini wale wanawake? Na tungemshtaki nani? Benki Kuu ilishatoa tangazo tangu 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki nchini.

Tena hoja yake ya "zalisha kwanza, toa baadaye" si ngeni. Sam Bankman-Fried wa FTX, kampuni ya kununulia na kuuzia sarafu hizi, ndiyo aliyokuwa akiihubiri, kwamba anatafuta utajiri ili augawe. Novemba 2022 kampuni ikafilisika, hela za wateja hazipo. Machi 2024 akahukumiwa miaka 25 jela. Nimemtajia mzee mfano huo, akajibu kwamba shida ilikuwa mtu, siyo sarafu. Haya, na sisi tuna uhakika gani na mtu atakayetushikia?

Kilichonichefua zaidi ni alivyomalizia: kwamba wa gerezani wamejitakia, tusiwadekeze. Wengi tunaowapelekea Segerea ni mahabusu, hakuna mahakama iliyowatia hatiani! Ukishtakiwa kwa mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha au utakatishaji fedha, sheria yetu haikupi dhamana. Unakaa ndani huku upelelezi "haujakamilika", kesi inaahirishwa na kuahirishwa tena. Kuna wanaokaa miaka kisha wanaachiwa huru. Wamejitakia nini hao? Na hata aliyehukumiwa, hukumu ilisema kifungo, haikusema akose sabuni.

Akitaka kununua bitcoin, anunue kwa pensheni yake, sina ugomvi. Hela ya mama ntilie aiache.

Kikao ni Jumamosi. Hela ya akaunti inatoka kwa sahihi mbili, ya mhazini na ya katibu, na katibu naye ameshaanza kulegea. Mwenye kujua taratibu za benki anisaidie: mwanachama wa kawaida anaweza kuandika barua akaunti ya kikundi izuiwe mpaka mkutano mkuu ukae? Barua inapitia kwa nani?