Naomba ushauri: Bili ya chuo ya kijana wetu imepanda ghafla na tarehe ya kulipa inakaribia

Bi_Gulfton (mwanzisha uzi), Julai 2025
Wadau, habari za jioni. Ninaishi Houston, mtaa wa Gulfton, pamoja na mume wangu ambaye asili yake ni Mexico na watoto wake wawili, ambao sasa ni wangu pia. Mkubwa amemaliza sekondari mwezi Mei akiwa katika asilimia kumi ya juu ya darasa lake, na kwa ile sheria ya Texas ya mwaka 1997 chuo kikuu cha umma kilimpokea moja kwa moja kusomea uhandisi wa ujenzi. Bili ya muhula wa kwanza ilikuwa dola elfu tano na mia kadhaa, nasi tulikuwa tumejipanga. Wiki iliyopita imeandikwa upya na sasa imevuka dola elfu kumi na mbili. Baba yake anataka aende kuezeka mapaa na mjomba wake kwa mwaka mmoja, kisha tutazame. Mimi nimeona mitaani kwetu jinsi mwaka mmoja wa namna hiyo unavyozaa mingine. Je, kuna msaada wa haraka wa masomo tunaoweza kuuomba? Ipo fomu ambayo tumekwisha kuijaza, imebaki saini tu, lakini moyo wangu haujatulia.

Fundi_Chomelea
Dada, pole. Nilipofika Texas nilianza na ndoto za chuo, nikaishia kujifunza kuchomelea mabomba huko Pasadena kwenye viwanda vya mafuta, na leo nimejenga kwetu Moshi na kuwasomesha wadogo zangu. Vijana wengi wa Kimexico niliofanya nao kazi ni mafundi hodari kuliko sisi wote. Uhandisi si lazima. Mpeleke akajifunze ufundi, utanishukuru.

Mzee_wa_Tabata
Binti yangu, baba wa mtoto akiwa hai na ameshatoa kauli, mama wa kufikia hutangulii mbele yake. Zungumzeni kwanza chumbani, ndipo mje kuomba ushauri hadharani.

Bi_Gulfton
Mzee wangu, shikamoo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tumezungumza hadi usiku wa manane. Kaka Fundi, ninaheshimu kazi yako, lakini kijana huyu ameota kujenga madaraja tangu akiwa mdogo, na mlango ameufungua kwa alama zake mwenyewe.

Mwalimu_Alief
Nimefundisha shule za Houston kwa miaka mingi, na zaidi ya nusu ya wanafunzi wa shule za umma za Texas ni Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, kwa hiyo hadithi hii naifahamu. Bili haipandi kiasi hicho kwa mwanafunzi yule yule isipokuwa ameondolewa katika daraja la mkazi wa jimbo, mwenye ada nafuu, na kuwekwa katika daraja la mgeni. Nakuomba utueleze ni kwa nini ameondolewa, na fomu hiyo iliyobaki saini ni ipi.

Bi_Gulfton
Nadhani ni makosa ya mfumo wao. Fomu ni ile ya serikali kuu ya kuombea msaada wa masomo, FAFSA.

Mwalimu_Alief
Dada yangu, mfumo haukosei namna hiyo. Kijana alizaliwa wapi?

Bi_Gulfton
Alizaliwa Puebla, Mexico. Aliletwa hapa mwaka 2011 akiwa na miaka minne, wakavuka bila kupita kwa afisa yeyote. Hana makaratasi. Mdogo wake amezaliwa Houston. Sikutaka kuliandika jambo hili kwa sababu hali ya sasa mnaijua, na watu wanachukuliwa na maafisa wa uhamiaji hata kwenye maegesho ya maduka.

Barua ya chuo ilipofika, kijana ndiye aliyemsomea baba yake kwa Kihispania mezani, kwa sababu tangu akiwa na miaka minane yeye ndiye anayetafsiri barua zote za nyumba hii, kuanzia za hospitali mpaka za mwenye nyumba. Alisoma aya zote isipokuwa ile ya mwisho, inayosema kwamba asipolipa tofauti ataondolewa kwenye masomo yote aliyojiandikisha. Hiyo niliisoma mimi alipokwenda kulala.

Kuhusu FAFSA, yupo bwana mmoja mtaani anayejiita notario, ambaye kwa dola 400 ametujazia na kuweka alama kwenye kisanduku cha raia. Anasema amewasaidia wengi na hii ni fomu ya shule tu, haina uhusiano na uhamiaji. Msinihukumu haraka. Mtoto amekaa hapa miaka kumi na minne, hajui nchi nyingine, na serikali yenyewe ndiyo iliyombadilishia masharti katikati ya safari.

Nuru_wa_Dallas
Tafadhali usiruhusu asaini. Ninafanya kazi katika ofisi ya mawakili wa uhamiaji na nimeona familia zikilia kwa sababu ya kisanduku hicho kimoja. Tangu mabadiliko ya sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996, mtu mzima anayejitangaza kuwa raia wa Marekani ili apate manufaa hufungiwa njia ya ukaazi maisha yake yote, na msamaha wa kosa hilo karibu haupo. Isitoshe, taarifa za fomu hulinganishwa na kumbukumbu za Hifadhi ya Jamii, kwa hiyo hatapata hata senti, ila saini yake itabaki. Notario wa hapa si wakili. Anathibitisha saini tu, na hana ruhusa ya kumshauri mtu mambo ya uhamiaji.

Bi_Gulfton
Lakini pesa tumeshampa, naye ameonyesha barua za watoto waliopata. Kama nisipofanya hivi, nifanye nini? Nikae nimtazame akipanda ngazi ya mapaa katika joto la Agosti?

DerevaLaredo
Kwa nini msimwombee DACA, ule mpango wa kuwakinga wasifukuzwe nchini na kuwapa kibali cha kazi walioletwa wakiwa watoto? Binamu wa mke wangu aliipata, sasa ni muuguzi. Tena nasikia maisha ni nafuu kule McAllen, karibu na mpaka wa Mexico, angeweza kuhamia chuo cha huko akakaa na ndugu.

Mwalimu_Alief
Kaka, DACA iliyotangazwa na Obama tarehe 15 Juni 2012 inamtaka mtu awe anaishi hapa tangu Juni 2007, na huyu aliingia 2011. Hata wanaotimiza masharti, maombi mapya yamekwama tangu hukumu ya mahakama ya mwaka 2021. Wengi wanaomaliza sekondari sasa wako nje ya mpango huo kabisa. Na kuhusu McAllen, wewe unaendesha lori na unaijua barabara ile kuliko mimi.

DerevaLaredo
Umenikumbusha, Mwalimu, nami naliondoa pendekezo langu. Ukitoka kule bondeni McAllen kuja kaskazini kwa barabara ya 281 unasimamishwa Falfurrias, na ukipita ya 77 unasimamishwa Sarita, na afisa anauliza uraia wako. Niliwahi kupanga foleni nyuma ya gari la wanafunzi pale Falfurrias, mmoja akashushwa na begi lake la shule. Akienda McAllen, kurudi kwenu Krismasi kutakuwa kubahatisha. Abaki Houston.

Mpekuzi
Samahanini, mimi siamini uzi huu. Kwanza, Texas imekuwa ikiwatoza vijana wa namna hii ada ya mkazi tangu mwaka 2001, iweje bili ibadilike ndani ya wiki? Pili, mama huyu alificha mambo mpaka akabanwa, na sasa anamsifu huyo notario pamoja na bei yake. Nimeona nyuzi nyingi humu zinazoanza kwa machozi na kumalizika kwa namba ya simu ya dalali. Aweke barua tuione.

Fundi_Chomelea
Hata mimi nimeanza kujiuliza. Mtanzania wa Gulfton mwenye watoto wa Kimexico ni nani? Mbona Watanzania wa hapa tunafahamiana?

Bi_Gulfton
Kaka, hatufahamiani wote. Barua siiweki, ina jina la mtoto na namba yake. Sina simu ya dalali ya kumpa mtu. Kama mnaona nimetunga, uzi ufungwe.

Nuru_wa_Dallas
Usifungwe. Ndugu Mpekuzi, kasoro unayoiona ndiyo hasa inayonifanya nimwamini. Sheria unayoisema ni ile namba 1403 iliyosainiwa na Gavana Rick Perry, wa chama cha Republican, na Texas ilikuwa jimbo la kwanza kuipitisha. Ilimtaka kijana awe ameishi jimboni miaka mitatu kabla ya kumaliza sekondari na ale kiapo kwamba ataomba ukaazi mara tu atakapostahili. Tarehe 4 Juni mwaka huu Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki Texas, jimbo likakubali madai siku hiyo hiyo, na Jaji Reed O'Connor akaifuta sheria kabla jua halijazama. Hakuna mwanafunzi aliyesikilizwa. MALDEF, shirika la mawakili lililoanzishwa San Antonio mwaka 1968, limeomba kuingia kwenye kesi ili kuwatetea. Ndiyo maana vyuo vinawapanga upya vijana kipindi hiki. Mtu anayetunga angetunga hadithi rahisi zaidi.

Mpekuzi
Tarehe hiyo sikuifahamu. Bado barua ningependa kuiona.

Mwalimu_Alief
Barua si haki yetu. Hata kama mama huyu asingekuwepo, watoto wa namna hii ninao darasani, na katika nchi hii ni takribani Mlatino mmoja tu kati ya watu wazima watano mwenye shahada ya kwanza. Turudi kwenye swali. Dada, kijana achukue masomo mawili au matatu katika chuo cha miaka miwili hapa hapa. Huko pia atatozwa kama mgeni, lakini kiasi chake kinabebeka. Achague yaliyomo katika zile saa 42 (kipimo cha uzito wa masomo) za masomo ya msingi, kwa kuwa akizikamilisha zote, chuo chochote cha umma cha Texas kinalazimika kuzipokea. Vilevile aombe TheDream.US, mfuko ulioanzishwa mwaka 2013 kwa ajili ya vijana wasio na makaratasi, na awaandikie vyuo binafsi, kwa sababu hukumu hii haiwahusu katika kupanga ada zao. Yule mdogo ni raia, yeye ataijaza FAFSA kwa haki yake, ingawa kabla ya kuweka taarifa za baba kwenye fomu hiyo muulizeni wakili.

Nuru_wa_Dallas
Dada, nina maswali mawili ambayo hakuna aliyeyauliza. Wewe una hadhi gani hapa, na mlifunga ndoa lini?

Bi_Gulfton
Nilipata uraia mwaka jana. Ndoa tulifunga 2019, kijana akiwa na miaka kumi na miwili. Ametimiza kumi na minane mwezi Machi.

Nuru_wa_Dallas
Basi sikiliza vizuri. Kwa kuwa ndoa ilifungwa kabla hajafikisha miaka 18, sheria ya uhamiaji inamtambua kama mtoto wako, na wewe raia unaweza kumwombea ukaazi. Njia ni ndefu, na kwa kuwa hakuingia kwa kukaguliwa, wakili lazima apime suala la kutoka nchini kwenda kuuchukua ukaazi huo nje kabla hamjagusa chochote. Siku za kukaa bila kibali zimeanza kuhesabiwa Machi. Zikizidi 180 kisha akatoka, anazuiwa miaka mitatu, na zikifika mwaka mmoja ni miaka kumi, ingawa kuna msamaha unaoweza kuombwa. Kile kisanduku cha raia kingeifuta njia hii yote.

Bi_Gulfton
Miaka yote hii hakuna aliyetuambia. Notario alikuwa na cheti cha ndoa yetu mkononi na hakusema neno. Nimemwambia kijana asisaini, naye ameifuta fomu kwenye kompyuta nikiwa nimesimama nyuma yake. Baba yake amekubali masomo mawili ya jioni, mchana aende na mjomba. Sijaridhika, lakini nimekubali. Wakili nampata wapi asiyekuwa tapeli?

Nuru_wa_Dallas
Niandikie faraghani nikupe orodha ya mashirika yenye mawakili walioidhinishwa hapo Houston. Uende na cheti cha ndoa, cheti chako cha uraia, cheti cha kuzaliwa cha kijana na rekodi zake za shule tangu darasa la kwanza. Usimtume peke yake, na kwenye miadi hiyo asitafsiri yeye. Omba mkalimani wa Kihispania kwa ajili ya baba.